Kopo la gesi ya AC lenye geji: lina msaada gani kwa gari la Mtwara?

Kwenye maduka ya spea ya Mtwara mjini, na ya Lindi vilevile, kipo kile kikopo cha gesi ya R134a kinachouzwa pamoja na mpira mfupi wenye geji ya rangirangi. Muuzaji hana maneno mengi: AC ikipuliza joto, chomeka, jaza, ondoka. Kwa gari ambalo gesi yake imepungua kidogo kidogo kwa miaka mitatu au minne, anasema kweli. Kwa mengine yote anauza kopo tu. Gesi kupungua ni sababu moja kati ya nyingi zinazofanya AC isipoze, na geji ya kifaa hiki inaona upande mmoja wa mfumo wenye pande mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa.

Kwa umbo, kifaa kimefikiriwa vizuri. Koplingi yake ya kubofya inaingia kwenye nipeli ya presha ndogo peke yake, ambayo kipenyo chake ni milimita 13. Ile ya presha kubwa ni milimita 16, zimetofautishwa makusudi, kwa sababu kopo likiunganishwa upande wa presha kubwa injini ikiwa inaunguruma linaweza kupasuka mkononi. Nipeli ya kujazia iko kwenye bomba nene, na kifuniko chake huwa na herufi L. Koplingi ikigoma kuingia, usilazimishe wala usitafute adapta: umekosea bomba.

Kasoro ya kwanza ipo kwenye shingo ya kopo. Kuna makopo ya kutobolewa na kuna makopo yenye valvu yake, na kitasa (kishikio cha mpira kinachofungua kopo) cha aina moja hakikai kwenye aina nyingine. Mtu ananunua kopo la pili wiki ijayo kwenye duka jingine, anafika nyumbani halishiki. Jaribu kulikaza pale pale kaunta, bila kutoboa. Na ukilinganisha bei, linganisha kwa gramu: kopo la gramu 200 na la gramu 340 yakisimama pamoja rafuni yanakaribiana kwa umbo kuliko kwa ujazo.

Geji: soma namba, achana na rangi

Geji ndiyo kitu cha maana kuliko vyote kwenye boksi, na ndiyo inayopotosha watu zaidi. Si kwamba ni mbovu. Rangi zake zimechorwa kwa hali moja: injini inaunguruma, kompresa (pampu inayosukuma gesi) imeshika, AC iko juu kabisa, na upande wa presha ndogo unacheza kati ya psi 25 na 45. Nje ya hali hiyo kijani na nyekundu hazikwambii kitu.

Gari likiwa limezimwa na limekaa kivulini mpaka injini ikapoa, kwenye joto la nyuzi 30 geji husoma karibu psi 97. Kwenye nyuzi 25 husoma kama 82, kwenye nyuzi 35 kama 114. Hiyo ni tabia ya R134a yenyewe: maadamu ndani kuna gesi ambayo bado iko katika hali ya kimiminika, presha inafuata joto, haifuati wingi. Mfumo uliojaa sawasawa na uliobakiwa na nusu ya gesi vinasoma namba ileile.

Sasa angalia mtu anavyoingia mtegoni. Amewasha gari, amewasha AC, amechomeka geji. Fyuzi ya kluchi, ile inayoshikanisha kompresa na puli yake, imekatika, kompresa haizunguki. Sindano inaruka hadi 97 na kutua kwenye nyekundu. Karatasi ya maelezo inasema nyekundu maana yake gesi imezidi. Anachukua bisibisi nyembamba, anabonyeza pini ya nipeli, fyuuu, anaachia, anatazama, anabonyeza tena, mpaka sindano ikae kijani. Gesi yote ya maana imeishia hewani, na tatizo lilikuwa kifyuzi ambacho hata bei ya soda hakiifikii.

Kinyume chake kina faida kubwa. Gari limezimwa, joto ni nyuzi 30, geji inasoma 40: hapo hakuna ubishi, gesi karibu yote imetoka. Ikisoma sifuri, hewa na unyevu vimeshaingia ndani, na kopo halina kazi tena. Kujaza juu ya hewa ni kuzika tatizo.

Halafu kuna kijani yenye joto, sindano imetulia kwenye 40, kompresa inazunguka, na bado hewa ya ndani ni vuguvugu. Inaweza kuwa valvu za kompresa zimechoka, inaweza kuwa feni ya kondensa (inayotoa joto la gesi nje) haizunguki, inaweza kuwa gesi imezidi kweli, au kifuniko cha kuchanganya hewa ya hita kimekwama. Kwa geji moja huwezi kutofautisha. Fundi mwenye geji mbili anatofautisha kwa dakika moja: presha ndogo ikiwa juu na presha kubwa ikiwa chini, kompresa haisukumi; zote mbili zikiwa juu, joto halitoki kwenye kondensa au gesi imezidi; zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua; presha ndogo ikizama hadi kwenye vakyumu (chini ya sifuri), njia imeziba kwenye valvu ya ekspansheni, ile inayoshusha presha ya gesi, au maji yameganda pale.

Majira nayo yanacheza na sindano. Asubuhi ya Julai, kusi inavuma, psi 28 yaweza kuwa sahihi kabisa. Gari hilohilo, gesi ileile, saa nane mchana mwezi Februari likasoma 45. Anayejaza mwezi wa saba mpaka sindano ifike katikati ya kijani huwa amezidisha, ila hatajua mpaka kaskazi ifike na presha kubwa ipande hadi swichi ikate kompresa kwenye foleni. Kwa Toyota nyingi swichi hiyo, iliyo kwenye bomba la presha kubwa, hukata presha ya bomba hilo ikipanda hadi psi 450 hivi, au ikishuka hadi psi 28.

Kabla hujatoa hela ya kopo

Tazama uso wa kompresa. Sahani ya mbele ya kluchi inatakiwa izunguke pamoja na puli AC ikiwashwa, na utasikia "tak" moja safi. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha badilisha rilei na nyingine ya aina ileile, ya honi mara nyingi inafanana. Koili nzima ya kluchi ina ukinzani wa omu chache tu. Mita ikionyesha waya umekatika, koili imekufa. Kuna ugonjwa mwingine unaowachosha watu wa daladala: AC nzuri asubuhi, kufika saa sita kluchi haishiki, ukimwagia maji au ukigonga sahani kwa kijiti inashika. Hapo pengo kati ya sahani na puli limepanuka kwa kuchakaa. Kwa kompresa nyingi za Denso pengo linatakiwa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.65, kinachofanyika ni kutoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani. Gesi haihusiki kabisa.

Usikubali fundi aunganishe waya mbili za swichi ya presha ili kompresa "ilazimike kushika". Swichi hiyo inaikatia umeme kwa sababu gesi imekwisha, na oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Bila gesi oili hairudi. Dakika chache za kuzunguka kavu zinatosha kuchonga chuma, na vile vipande vya rangi ya fedha vinasambaa mpaka kwenye kondensa, ambayo ikishafika hapo haisafishiki, inabadilishwa.

Jaribio bora kuliko yote halina gharama. AC inapoza gari likikimbia kuelekea Mikindani, likisimama sokoni inapuliza joto? Simamisha gari, AC juu kabisa, kisha mwaga ndoo ya maji taratibu juu ya kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta. Baridi ikirudi ndani ya nusu dakika, gesi ipo na kompresa ni nzima. Kinachokosekana ni upepo: feni ya kondensa imekufa, au mota yake inazunguka kwa uvivu, au mapezi yamezibwa na vumbi jekundu la Newala na wadudu. Mengine yamelika kwa chumvi. Kwenye ukanda huu mapezi ya alumini ya kondensa hugeuka unga yakiguswa, hasa gari linalolala Shangani karibu na maji. Osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha inayalaza mapezi na kuziba zaidi.

Upepo ukiwa hafifu huku ukiwa wa baridi, fungua boksi la dashibodi mbele ya abiria utoe filta ya AC. Gari linalopita mashambani msimu wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga hutoa filta ya njano yenye harufu yake. Wengi hawajui kama hiyo filta ipo.

Na kama bomba la hita linaloingia ndani ni la moto huku umeweka baridi, libane kwa koleo lenye kitambaa kwa dakika tano. Hewa ikipoa, tatizo ni valvu ya hita au mota ya kifuniko. Nalo halina uhusiano na kopo.

Gesi yenyewe

R134a ikiwa safi, kopo linafanya kazi ileile ya mtungi mkubwa wa kilo 13.6 wa gereji. Wasiwasi ni usafi. Geji hiyohiyo inakusaidia kidogo: acha kopo kivulini mpaka lifanane joto na hewa, unganisha geji kwenye kopo peke yake bila kuunganisha gari, soma. Kwa nyuzi 30 tegemea psi 97 hivi. Ukipata 130 kuna hewa au gesi nyingine ndani. Ukipata karibu 158, hiyo ni R22 ya friji za maduka na viyoyozi vya ukutani. Jaribio hili lina mwisho wake, kwani mchanganyiko wa gesi zinazowaka unaweza kutengenezwa ufanane presha na R134a, na huo geji haiukamati. Ubaya wake ni kwamba evapoleta, ile inayopoza hewa, iko ndani ya dashibodi, karibu na miguu yako. Gesi ya kupikia ni hivyohivyo, na hapa Mtwara utani wa kwamba "gesi tunayo, ipo Mnazi Bay" ubaki utani.

Kuna uchafu mbaya zaidi, kloridi ya methili, inayouzwa kwa jina la R134a. Inakula alumini na kutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua mafundi. Kopo lisilo na uzito halisi, lisilo na jina la mtengenezaji, au lenye maandishi yanayofutika kwa kidole, liache.

Kujaza kwenyewe

Soma kwanza kibandiko chini ya boneti. Gari dogo la kawaida huchukua karibu nusu kilo, mara nyingi pungufu. Noah au Hiace yenye AC ya nyuma huweza kufika kilo moja. Ndiyo maana makopo mawili ya gramu 340 kwenye gari dogo ni kosa hata kama lilikuwa tupu.

Zungusha kitasa kinyume cha saa mpaka pini irudi ndani, kisha kaza kopo. Ukikaza pini ikiwa nje unatoboa kabla mpira haujaziba na gesi inakuvujia vidoleni. Inaunguza kwa baridi. Vaa miwani na glavu. Toboa, rudisha kitasa, kisha legeza mpira upande wa gari kwa sekunde moja ili gesi isukume hewa iliyo ndani ya mpira. Hatua hii haimo kwenye karatasi nyingi za maelezo, na hewa hiyo ndiyo inayopandisha presha kubwa baadaye.

Injini iwe kwenye mzunguko wa 1,500 hivi, AC baridi kabisa, feni juu, hewa ya ndani, milango wazi. Kopo lisimame wima muda wote. Ukiligeuza kichwa chini unaingiza kimiminika, na kompresa imeumbwa kukandamiza mvuke. Kimiminika kinavunja valvu zake. Kopo litapoa na kutoa jasho, presha yake itashuka, kasi itapungua. Liweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40. Kulipasha kwenye jiko au juu ya ekzosi ni kutafuta ajali.

Jambo moja linageuza kifaa hiki kutoka kubahatisha kuwa kipimo: mizani ya jikoni. Pima kopo kabla, funga kila baada ya dakika mbili, pima tena. Ongeza gramu 50, subiri dakika tano, soma kipimajoto kilichochomekwa kwenye tundu la katikati la dashibodi. Kwa joto na unyevu wa pwani hii, nyuzi 8 hadi 12 ni kazi nzuri. Usisubiri nyuzi 4 za kwenye video za nchi kavu, maana nguvu kubwa ya AC hapa inaishia kugeuza unyevu kuwa maji, yale yanayodondoka chini ya gari. Ukiongeza gramu 50 na joto likapanda badala ya kushuka, umepita kiasi. Magari ya zamani yenye kioo kwenye drayeya (kikopo kinachonyonya unyevu) yanaonyesha mapovu gesi ikipungua, lakini kioo safi kina maana tatu: imejaa, imezidi, au hakuna kitu kabisa.

Nyongeza ndani ya kopo

Makopo mengi hayana gesi peke yake. Lenye rangi ya kung'aa kwa taa ya zambarau ndilo la kununua kama unataka kujua inakovuja. Subiri siku chache, tafuta usiku, anzia kwenye pini za nipeli, oringi (pete za mpira) za maungio, uso wa kondensa, na kingo ya kluchi ya kompresa. Pini ya nipeli ndiyo inayosahaulika kuliko vyote: weka povu la sabuni juu yake kabla ya kurudisha kifuniko.

Lenye oili, jihadhari. Kila kopo linaongeza oili kwenye mfumo ambao wote huchukua kama mililita 100 hadi 150; baada ya makopo matatu oili imezidi, inafunika kuta za evapoleta na kupunguza baridi.

Lenye dawa ya kuziba uvujaji halifai. Aina inayoganda ikikutana na unyevu hufanya kazi nje ya tundu vizuri kama ilivyoahidiwa, na hufanya kazi ileile ndani ya drayeya na valvu ya ekspansheni kama mfumo una maji. Mafundi wenye mashine ya kunyonya gesi hulikataa gari lililowekewa dawa hiyo, na wana haki. Tena tundu la kondensa lililotobolewa na chumvi halizibiki kwa dawa. Lina wenzake kumi wanaokuja.

Gereji badala ya kopo

Mfumo uliofunguliwa, uliosoma sifuri, au uliobadilishwa kifaa chochote, ni kazi ya gereji. Tofauti kati ya gereji na gereji, Mtwara au Lindi, inaonekana kwenye vitu vitatu: pampu ya vakyumu, mizani, na naitrojeni kavu. Fundi anayejaza "mpaka bomba litoe jasho" anakupa huduma ya kopo kwa bei kubwa zaidi, kwa kuwa kwa unyevu wa huku bomba linatoa jasho hata gesi ikiwa pungufu.

Vakyumu isipungue dakika 30. Mtwara iko usawa wa bahari, kwa hiyo geji ya fundi inatakiwa izame hadi karibu inchi 29 au zaidi za zebaki. Ikigoma kwenye 26, pampu imechoka au kuna tundu. Kisha afunge na aache dakika 15 bila sindano kupanda. Kwa kutafuta uvujaji atumie naitrojeni. Hewa ya kompresa ya tairi inaingiza maji, na oksijeni ya wachomeleaji ikikutana na oili ndani ya mabomba inalipuka. Kondensa ikibadilishwa aongeze oili mililita 30 hadi 40 za aina iliyoandikwa kwenye kompresa, oringi mpya zipakwe oili hiyohiyo, na drayeya mpya isifunguliwe vifuniko mpaka dakika ya mwisho.

Mpira na geji vinafaa kununuliwa hata na mwenye fundi wake, kwa ajili ya ile namba ya asubuhi gari likiwa limezimwa. Makopo, chagua ya gesi tupu au ya gesi na rangi. Mwenye Aqua au Prius asiguse kabisa kopo lenye oili ya kawaida ya PAG: kompresa ya gari hilo inaendeshwa na umeme wa volti nyingi kupitia waya za rangi ya chungwa, koili zake zinaogelea kwenye oili, na inahitaji oili ya POE kama ND-11. PAG kidogo tu ikiingia inaharibu kinga ya umeme, kompyuta inazima AC, na kompresa hiyo kuipata huku kusini ni kuagiza Dar es Salaam.